Nilibadilisha Gitaa la Mjomba

Katika kurasa hizi za gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo, za safari na za mashauri ya kufaulu mitihani. Leo naomba ruhusa niwasimulie jambo moja lililonipata nyumbani, nalo ni habari ya gitaa la besi. Labda wako watakaouliza, "Gitaa lina elimu gani?" Hao nawasihi wasome mpaka mwisho, kisha wanihukumu.

Kwanza nieleze chombo chenyewe, kwa kuwa wengi hukisikia wasikijue. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita nyembamba. Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, na shingo yake ni ndefu. Mwaka huu mwalimu wetu wa Fizikia alipotufundisha mawimbi, alieleza kwamba sauti ya uzi hutegemea urefu wake, uzito wake, na jinsi ulivyokazwa. Uzi mnene kuliko wote katika besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja, hali uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Kwa sababu hiyo sauti ya besi hupokewa na kifua na nyayo kama inavyopokewa na masikio. Wenzangu waliandika maneno hayo daftarini. Mimi nilishika kalamu tu, maana moyo wangu ulikuwa umekwenda mbali.

Chombo hiki si cha zamani sana. Hapo kwanza wapigaji besi walitumia chombo kikubwa cha mbao chenye kimo cha mtu, kilichosimamishwa wima. Mwaka 1951 fundi mmoja wa California, Marekani, jina lake Leo Fender, akaanza kuuza besi ya umeme ambayo mtu aliweza kuivaa begani. Muda si mrefu chombo hicho kikafika kwetu, na bendi za dansi za Afrika Mashariki zikakipokea kwa mikono miwili.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anakaa Rhotia. Wakati wa ujana wake, katika miaka ya 1980, aliishi mjini Arusha akipiga besi katika bendi moja ya dansi. Hupenda kutukumbusha kwamba Arusha ndiko ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walikokuwa na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kwenda Mombasa mwaka 1971 na kuitwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, na mpigaji besi wao alikuwa Tom Malanga. Mjomba husema, "Kila mtu anaujua wimbo wa Sina Makosa. Waulize sasa ni nani aliyepiga besi. Watakutazama kama mbuzi."

Lakini jambo alilolisimulia mara nyingi zaidi ni hili. Siku zile wanamuziki wengi wa dansi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Bendi za polisi na za jeshi vyombo vyao vilikuwa mali ya serikali. Bendi nyingine zilikuwa na tajiri wao, naye ndiye mwenye vyombo. Mpigaji akiondoka, huondoka mikono mitupu. Mjomba alipiga besi miaka kumi na mmoja bila ya kumiliki hata uzi mmoja. Siku aliyoacha kazi alilifuta vumbi gitaa la tajiri, akalitundika ukutani, akaenda zake stendi. "Nilikuwa kama mtu aliyelea mtoto wa jirani," alituambia.

Baada ya hapo akawa dereva wa malori ya vitunguu kutoka Mang'ola. Aliweka akiba kidogo kidogo, hata siku moja akanunua Arusha besi iliyokwisha kutumika, kwa shilingi 350,000. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, na karibu na vifundo vya sauti ilikuwa na mkwaruzo mrefu, ambao pete ya mjomba iliuzidisha mwaka hata mwaka.

Mwaka 2021 nilipomaliza darasa la saba, mjomba aliniita akaniwekea gitaa lile magotini. Alisema vidole vyake vimekauka kwa usukani. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mpwa wangu, hili si la bendi, si la kanisa, wala si la tajiri. Ni lako." Yeye mwenyewe alinifundisha, na kila likizo nilipiga katika kwaya ya vijana ya kanisa letu.

Sasa nisema kosa langu. Mpigaji besi husimama nyuma, karibu na spika. Mpigaji wa gitaa la solo husimama mbele, na arusini watu humwendea wakimtunza noti kwenye paji la uso. Mwenzetu mmoja aliyepiga solo aliwahi kurudi nyumbani na shilingi 18,000 kwa siku moja. Mimi hakuna aliyenitunza hata mia tano. Nikaanza kuona kwamba nimepewa kazi ya punda, kubeba wimbo wakati wengine wanasifiwa. Wivu ni kama jiwe dogo katika kiatu: huliondoi kwa haya, nalo linakuumiza kila hatua.

Mwezi wa Juni 2024, nilipokuwa kidato cha tatu, palikuwa na kongamano la kwaya za vijana mjini Karatu. Walikuja vijana kutoka Mbulu, Mto wa Mbu, Mang'ola na Ngorongoro. Kijana mmoja wa Endulen, Mmasai, alikuwa na gitaa la solo jekundu linalong'aa kama gari jipya. Akaniambia kwamba kwao wana solo na kinanda, lakini hawana besi. Aliliomba langu alijaribu, akalishika taratibu, akacheka peke yake. Kisha akasema, "Ndugu yangu, tubadilishane. Nitakuongezea na fedha."

Hatukuchukua hata nusu saa. Alinipa gitaa jekundu pamoja na shilingi 60,000 juu yake, nami nikampa besi ya mjomba. Hapakuwa na udanganyifu. Kila mmoja alikiona chombo, kila mmoja alikubali, tukapeana mikono.

Niseme kweli, nilifurahi. Kwa majuma mawili nilitembea kifua mbele. Nilinunua viatu vya shilingi 25,000. Jumapili ya kwanza nilisimama mbele, na akina mama wawili wakanitunza noti za shilingi elfu. Nilidhani sasa nimekuwa mtu.

Jumapili ya pili mambo yakaanza kuharibika. Kwaya yetu tayari ilikuwa na mpigaji solo, na mimi nikawa wa pili. Tukashindana kama majogoo katika uwanja mmoja, na nyuma yetu hapakuwa na mtu. Wimbo ule ule tuliouimba siku zote ukawa mwepesi, ukawa unalia kama debe tupu. Waimbaji wakakimbia mbele ya ngoma, mara wakabaki nyuma. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye hajui kutofautisha gitaa na gitaa, alisimama katika mazoezi akasema, "Kuna kitu kimepungua, wala sikijui ni kitu gani." Mimi nilikijua. Nikainama nikajifanya nakaza nyuzi.

Nalo hilo halikuwa jambo kubwa. Kubwa ni kwamba mjomba alikuja kutusalimu. Baada ya "Shikamoo mjomba" na "Marahaba," akauliza gitaa liko wapi. Nikajibu kwamba liko kwa fundi, vifundo vyake vinakwaruza. Mjomba akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kunywa uji. Hakuuliza ni fundi gani. Laiti angaliuliza!

Nikarudi shuleni mwezi wa Julai na uongo huo moyoni. Wanaoijua baridi ya Karatu ya mwezi ule wanajua jinsi usiku ulivyo mrefu bwenini. Kila nilipolala niliwaza habari ya mjomba aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja kwa gitaa la tajiri. Yeye alilitundika ukutani kwa kuwa halikuwa lake. Mimi nimelitoa lililo langu kwa ajili ya rangi nyekundu. Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nilikuwa nimeandika maana ya methali hiyo katika mtihani na kupata alama zote. Kumbe nilijua kuieleza tu.

Nikaazimia kulirudisha. Likizo ya Desemba ilipofika nilikuwa nimebakiwa na shilingi 35,000. Nilifanya kibarua cha kupalilia mahindi siku tano, kwa shilingi 5,000 kila siku, nikatimiza 60,000. Nauli alinipa dada yangu, ambaye nilimweleza habari yote. Nikampigia simu yule kijana, nikamwambia nitafika, lakini sikumwambia shabaha ya safari. Naye alinijibu, "Njoo upesi. Nyumbani wanazungumza habari ya kuhamia Msomera." Wasomaji wanajua kwamba tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Nikaona kwamba nisipokwenda sasa, gitaa litakwenda mbali nami nisilione tena.

Siku ya Jumamosi alfajiri niliondoka na gitaa jekundu mgongoni. Langoni Lodoare tuliandikishwa na kulipa kiingilio, kisha gari likaanza kupanda msituni kwa kona nyingi, ukungu ukiwa umefunga njia. Tulipofika ukingoni upepo ukaufungua, na Kreta ikaonekana chini yetu, kina chake mita zipatazo 600 na eneo lake kilomita za mraba zipatazo 260. Abiria mmoja aliyekuwa hajawahi kuiona alipiga kelele kwa mshangao. Mimi siku ile sikuona faru wala ziwa. Niliona shimo tu, nikafikiri jinsi kitu kikiingia humo kisivyopatikana tena.

Tukapita makao makuu ya Mamlaka ya Hifadhi, tukateremka katika bonde la Malanja, kisha tukakata kushoto kuelekea Endulen. Njiani tuliona punda milia wakila majani karibu na ng'ombe. Katika somo la Jiografia tulijifunza kwamba Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na mifugo yao wakae pamoja na wanyama wa porini, na pale niliyaona kwa macho yale niliyoyasoma.

Nilishuka adhuhuri nikaelekezwa kanisani. Kabla sijaliona kanisa, niliisikia besi. Sikuusikia wimbo kwanza. Nilisikia mdundo ukija kwa chini, taratibu, kama hatua za mtu mzima asiye na haraka. Nikasimama nje karibu na ua wa miiba. Mbuzi walikuwa wakipita mbele yangu, nami sikuweza kuendelea.

Ndani walikuwa vijana na watoto kadiri ya thelathini. Spika yao ilipata umeme kutoka betri ya gari iliyochajiwa kwa jua. Yule kijana alikuwa amekaa juu ya kigoda, macho ameyafumba, naye hakupiga nyuzi nyingi. Alipiga moja, akaiacha izungumze, kisha akapiga ya pili. Mimi nilipokuwa na gitaa lile nilikuwa nikijaza kila nafasi ili nisikike. Yeye aliwaachia waimbaji nafasi, nao walikaa juu ya sauti ile kama nyumba juu ya msingi. Mkanda wangu wa kitambaa ulikuwa umekatika, naye ametia mkanda wa ngozi, na mama yake ameupamba kwa shanga nyeupe na bluu. Mkwaruzo wa pete ya mjomba ulikuwa pale pale.

Walipomaliza alinikumbatia. Akaliona gitaa jekundu mgongoni, na uso wake ukabadilika, maana alikuwa mwerevu. Akasema, "Umelifuata lako." Nikanyamaza. Akavua mkanda, akanipa gitaa kwa mikono miwili, akasema, "Tulibadilishana, hatukuibiana. Lakini kama ni la mzazi wako, lichukue. Fedha utanipa ukiweza." Fedha zilikuwa mfukoni mwangu zimekunjwa.

Wakaniomba nipige wimbo mmoja. Nikapiga. Vidole vilikumbuka, nami nusura nilie. Lakini nilipoinua macho niliwaona wale watoto wamekaa kimya wakiutazama mkanda wa shanga begani pangu, kama watu wanaotazama mgeni akiondoka na ng'ombe wao. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu wa kwaya akaniletea chai ya maziwa.

Nikalirudisha gitaa mikononi mwa yule kijana. Nilimwambia, "La, sikulifuata. Nilikuja kulisikia." Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya gitaa lile, lakini huo sijautubia. Usiku ule nililala kwao, na kesho yake katika ibada tulipiga pamoja, yeye besi na mimi lile jekundu. Sikupiga solo. Nilishika ridhimu nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nililielewa gitaa jekundu.

Jumatatu sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishukia Rhotia. Nilimkuta mjomba uani anachambua maharage. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikasema yote tangu mwanzo: kubadilishana, viatu, fundi asiyekuwako, na Endulen. Mjomba hakukatiza neno. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikayahesabu maharage yaliyokuwa mbele ya ungo. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Linapigwa, au limetundikwa?"

Nikajibu, "Linapigwa, mjomba. Linapigwa vizuri kuliko nilivyolipiga mimi."

Akashusha pumzi. Akasema, "Basi gitaa limepata kazi, nalo halina hasara. Nilikupa liwe lako, na kitu chako una haki ya kukitoa. Sijutii gitaa. Ninachojutia ni miezi sita uliyonikimbia kwa macho. Ungaliniuliza, huenda ningalikukataza, huenda ningalikuruhusu. Lakini tungalizungumza." Halafu akaongeza, "Na hilo jekundu usiliuze kwa hasira. Jifunze kwanza."

Zile shilingi 60,000 alinishauri nizitoe kwa kwaya yetu. Zikawa mchango wa kwanza wa kununua besi nyingine, na mpaka mwezi uliopita tulikuwa tumepita nusu ya bei. Yule mama wa sauti ya pili alitoa shilingi 10,000, akasema ananunua kile kitu asichokijua. Kijana wa Endulen na watu wake walihamia Msomera mwaka huu, na besi wamekwenda nayo. Alinipigia simu wakati wa likizo kunijulisha kwamba kwaya yao mpya imekwisha pata waimbaji, na kwamba mkanda wa shanga bado ni mzima.

Wenzangu, nimejifunza kwamba majuto na furaha huweza kukaa katika chumba kimoja bila kugombana, ikiwa kila moja limepewa mahali pake. Zamani nilijuta kwa jumla, nikidhani nalililia gitaa. Nilipochambua kama mjomba alivyochambua maharage, niliona kwamba besi kuwa Msomera ni jambo la kunifurahisha, kwa kuwa inapigwa. La kujutia ni kwamba niliitoa kwa kutamani sifa, nikaficha, nikamdanganya mtu aliyenipenda. Atakayeuza au kubadilisha kitu alichopewa, na aseme wazi kwanza kwa aliyempa. Akifanya hivyo, hata kikienda mbali, yeye atalala usingizi.

Lakini sitaki kujifanya nimepona kabisa. Usiku taa zikizimwa bwenini, vidole vyangu bado hutafuta nyuzi nne kwenye mbao za kitanda, na jirani yangu hunigombeza kwamba namwamsha. Namwomba radhi hapa mbele ya wasomaji wote. Nawaomba pia wanafunzi wa vidato vya chini wanaoimba katika kwaya ya shule: mkimwona mtu amesimama nyuma karibu na spika, mwulizeni jina lake.

Sisi wa kidato cha nne twajiandaa kwa mtihani wa Novemba. Tuombeeni heri, nasi twawaombea ninyi.